Kompyuta Imelikataa Jina la Mkwe

Alhamisi, jioni. Ipagala.

Joto la leo halina adabu. Mawingu yalikuja tangu saa nne, yakasimama juu ya mji, yakatutazama, kisha yakaondoka zao kuelekea Kongwa. Tumebaki na upepo na vumbi lake. Nimefagia sebule mara tatu, na bado nikipitisha kidole kwenye meza kinaacha njia.

Naandika kwenye simu, miguu iko kwenye beseni la maji. Nimechoka, ila siyo uchovu wa kushindwa. Nataka niyaandike yote leo hii hii, kabla sijaanza kujipendelea kwenye kusimulia.

Kisa ni kompyuta. Laptop yetu kuukuu ya nyumbani, ile inayokaa kwenye meza ndogo pembeni ya cherehani yangu. Jana jioni niliiwasha kama kawaida, ikafika pale inapoomba neno la siri, nikaandika. Ikasema si sahihi. Nikaandika tena taratibu, kidole kimoja kimoja. Si sahihi. Nikaizima, nikasubiri, nikaiwasha upya. Si sahihi. Neno lile lile nililoliandika kwa miaka minne, leo mashine inanitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Siku nyingine ningeifunika na kitambaa chake nikaendelea kushona. Sare za shule zimejaa kwenye kapu, kazi ninayo. Lakini ndani ya kompyuta hiyo kuna karatasi moja, na Jumamosi hii karatasi hiyo inatakiwa Kibakwe.

Wifi yangu Debora, dada wa mume wangu, aliachika miaka mitatu iliyopita akarudi kwao Kibakwe na watoto watatu. Mwaka jana baada ya mavuno ukoo ulikaa kikao. Baba mkwe, wakati huo akili yake bado timamu, akasema mbele ya watu wote kwamba shamba la bondeni, lile la vitunguu karibu na kijito, ni la Debora. Muhtasari niliandika mimi, kwa sababu kati ya wake wote walioolewa kwenye ukoo ule ni mimi peke yangu niliyesoma kozi ya kompyuta. Miezi mitatu tu, lakini siku hiyo cheti changu kilinifaa kwa mara ya kwanza tangu nikipate. Nikauchapa, tukautoa kwenye karatasi, watu wakasaini, baba mkwe akaweka dole gumba. Karatasi akakabidhiwa mtoto wa kwanza aitunze, yaani kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji yangu.

Kabla shemeji hajaikunja niliipiga picha na simu, na niliporudi nyumbani nikaihifadhi kwenye kompyuta. Simu ile baadaye ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa. Sasa shemeji anasema hakukuwa na makubaliano yoyote, shamba ni lake kama mtoto wa kwanza, na anataka kulilima mvua zikianza. Karatasi je? Eti imeliwa na mchwa. Mchwa wa Kibakwe nao wana macho, maana kwenye sanduku lililojaa karatasi za shemeji wamechagua hiyo moja tu.

Baba mkwe mwenyewe hawezi kusaidia. Mara ya mwisho tulipokwenda alinishika mkono akaniuliza mimi ni mke wa nani. Nikamwambia. Akafurahi sana, tukakaa kidogo, akaniuliza tena. Aliyesema maneno yale ndiye asiyeyakumbuka. Na mwenyekiti wa kitongoji ameshasema: Jumamosi ukoo unakaa tena, leteni karatasi, bila karatasi hayo ni maneno tu.

Ndiyo maana sikuifunika kompyuta.

Sasa nieleze hilo neno la siri lenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye aibu yangu. Neno la siri ni jina la baba mkwe.

Aliyeliweka ni mume wangu, Baba Lea, siku tuliyoinunua. Akasema hilo hakuna wa kulisahau humu ndani. Nilimgombeza siku nzima. Mimi sitaji jina la mkwe. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijaolewa, naye alifundishwa na mama yake huko kwetu Chamwino: jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwa mke wa mwanawe, na wala halikai mbele ya macho yake kama tangazo la mnada. Najua wenzangu wengi siku hizi hawajali, wanalitaja tu mchana kweupe. Mimi nimezoea hivi. Siku ya harusi mchungaji alinipa majina kamili ya mume wangu niyarudie, nikasema la kwanza nikanyamaza, kwa kuwa la pili ndilo hilo hilo. Kanisa likacheka, lakini mama mkwe, Mungu ampumzishe, alipiga vigelegele. Mpaka leo hospitali wakiniuliza jina kamili la mtoto natoa kadi, wasome wenyewe.

Baba Lea alinicheka akasema kuandika siyo kutaja, na isitoshe kwenye skrini vinatokea vidoti tu. Nikakubali kwa ajili ya hivyo vidoti. Miaka minne nimekuwa nikilibonyeza jina la mkwe wangu kila siku ya Mungu, bila kuliona hata mara moja.

Jana Baba Lea aliporudi kutoka kazini nilimwekea chakula, nikamngoja amalize, ndipo nikamwambia ajaribu yeye. Akaandika kwa vidole vyake viwili. Si sahihi. Akarudia. Si sahihi. Akaegemea kiti akasema labda imechoka, tuiache tu, huenda Mungu ana makusudi yake.

Mimi nilikuwa namtazama usoni, na uso ule haukuwa wa huzuni. Ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa gunia.

Lazima nimtendee haki nieleze. Kaka yake huyo ndiye aliyeuza ng'ombe akamsomesha, sekondari mpaka chuo. Baba Lea hajawahi kumpinga kaka yake hata kwa kunyanyua nyusi. Tangu ugomvi wa shamba uanze, yeye ni mtu wa tusubiri, tusikimbilie, damu nzito kuliko maji. Nikimuuliza kama alisikia au hakusikia maneno ya baba yake siku ile, anakumbuka ghafla kwamba hajalisha kuku.

Basi nikaunganisha moja na moja. Nikamwambia, "Umebadilisha wewe."

Mimi nikianza huwa sina breki, kwa hiyo nikaendelea. Nikamwambia amebadilisha neno la siri makusudi ili karatasi isifike Kibakwe, na kwamba bora hata kaka yake anayeiba mchana kuliko yeye anayemshikia mlango. Kisha akainuka akaenda kulala.

Asubuhi ameondoka bila kunywa chai. Tuna miaka kumi na nne kwenye ndoa, na hajawahi kuondoka bila chai, hata siku tuliyogombana juu ya jina la Lea. Kikombe chake kilikaa mezani mpaka chai ikafanya utando. Nikaimwaga, nikajiambia moyoni kwamba dhamiri inamsuta.

Nikakaa mbele ya kompyuta saa mbili asubuhi. Nilisema leo ni mimi au mashine hii.

Nilichomoa betri, nikaipangusa, nikairudisha. Nikabadilisha tundu la umeme. Nikaandika jina kwa kuanza na herufi kubwa, kisha zote ndogo, kisha nikaongeza mwaka aliozaliwa Lea. Nikaacha hilo jina, nikaanza kuwaza kama Baba Lea. Mtu kama yule akibadilisha neno la siri ataweka nini? Nikajaribu jina la kijiji chao. Nikajaribu jina la yule ng'ombe wa utotoni anayemsimulia kila Krismasi. Nikajaribu hata jina la kaka yake, na hilo nililiandika kwa hasira mpaka kucha ikauma. Mashine ikanichoka, ikaniambia nisubiri kidogo kabla ya kujaribu tena. Nikasubiri, mikono mapajani, kama niliyeitwa kwa mkuu wa shule.

Saa nne Debora akapiga simu. Sauti yake ilikuwa chini, anaongelea jikoni. Akasema shemeji alifika asubuhi na watu wawili, wamelipima shamba kwa hatua, wamechomeka vijiti pembeni. Watoto walikuwa wanawaangalia. Yeye alikwenda kusimama kwenye kitalu chake cha miche wasije wakakikanyaga.

Kisha akaniuliza, "Wifi, karatasi unayo?"

Nikasema ninayo.

Uongo ulitoka laini kabisa, hata sikuupa nafasi ya kukohoa. Akashukuru. Akasema kama ninayo basi atawaacha wapime watakavyo, Jumamosi haiko mbali. Nilipokata simu nilikaa sakafuni. Mtoto wa watu ameuweka moyo wake wote juu ya kitu ambacho sina, na ametulia kwa amani kwa sababu yangu.

Nikajifunga kanga, nikaifungia laptop kwenye kanga nyingine, nikaita bodaboda ya kwenda mjini.

Fundi ninayemjua ni Shabani. Ni mtoto wa mjini hasa, familia yao iko Dodoma tangu enzi za misafara, na ana kibanda karibu na soko. Ni mtu mpole, anaongea na wewe huku mikono inafungua simu ya mwingine. Leo kibanda kilikuwa na wateja wanne, mmoja wao mzee wa Kigogo kaja na redio yake, fimbo katikati ya magoti, umri wa mkwe wangu kabisa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikasogea kwenye meza.

Shabani akasikiliza maelezo yangu, akanisukumia kikaratasi na kalamu. Akasema, mama, niandikie hapa neno la siri nijaribu. Nikamwambia nitaandika mwenyewe kwenye mashine. Nikaandika, mgongo wangu nimeufanya ukuta. Si sahihi.

"Basi bonyeza hapo kwenye kijicho," akasema, "tuone unaandika nini."

Pembeni ya vile vidoti kuna alama ya jicho. Ukiibonyeza, vidoti vinageuka herufi. Nalijua jicho hilo miaka yote minne, na miaka yote minne nimelipita kwa mbali kama mtu anayedaiwa. Sasa lilikuwa mbele yangu, na nyuma yangu watu wanne, na mmoja ni mzee yule. Nikaliona akilini jina la mkwe wangu likitokea hapo waziwazi, kibandani, katikati ya vumbi na chaja za watu. Nikasema hapana.

Shabani akainua macho kwa mara ya kwanza. Akarudia kunieleza kwa upole kwamba hilo ndilo jambo la kwanza kuangalia. Nikasema hapana tena. Akauliza kama ni siri sana. Mama mmoja nyuma yangu akacheka puani, na papo hapo nikajua wote wanafikiria nini. Walidhani neno langu la siri ni jina la mchepuko.

Sikuwaeleza. Ningeanzia wapi? Nilisimama pale masikio yakiwaka moto, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa kwaya, fundi wa sare za shule mbili.

Shabani akasema kama hali ni hiyo basi dawa ni kupiga window upya. Nusu saa tu, mashine inarudi kama imetoka dukani. Nikamuuliza vitu vilivyomo ndani. Akasema vitafutika, mama, ila utaanza upya. Kuna njia ya kuchomoa diski na kuvitoa kwanza, lakini kifaa chake amemwazima mwenzake mpaka Jumatatu. Tayari alikuwa ameishika flashi mkononi, anatafuta tundu. Niliivuta laptop yangu kutoka mezani kwa nguvu hadi chaja ya mtu ikaanguka. Nikaomba radhi, nikatoka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Na Shabani, na yule mama wa kucheka puani, na shemeji, na Baba Lea, na mchwa.

Nilipofika nyumbani sikunywa hata maji. Nikaiweka laptop mezani, nikaiwasha, nikaitazama ile nafasi ya kuandikia. Ndipo hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Nikajiuliza, hivi hapa nalinda nini? Heshima ya mkwe? Mkwe huyo alisema kwa mdomo wake kwamba binti yake asisumbuliwe. Neno lake limefungwa humo ndani na halina mlango mwingine. Likipotea kwa sababu mkamwana wake aliona haya kuliangalia jina lake, hiyo itakuwa heshima ya namna gani?

Nikafunga mlango. Nikashusha pazia. Nikajitanda kanga kichwani, kama ninavyofanya nikiingia nyumbani kwake. Nikasema kwa sauti, "Nisamehe, baba." Nikaandika jina, nikafumba macho, nikabonyeza jicho.

Nikafumbua la kushoto kwanza.

Halikuwa jina la mkwe wangu. Lilikuwa takataka. Herufi mbili za mwanzo sawa, halafu tarakimu, halafu herufi, halafu tarakimu mbili zimefuatana. Nikafuta nikaandika tena, sasa macho yote mawili wazi. Vile vile. Mimi nabonyeza herufi, yenyewe inaandika namba.

Nilicheka peke yangu mpaka kanga ikaanguka.

Kisha nikakaa vizuri. Cherehani ikiruka nyuzi huipigi kofi, unafuata uzi tangu kwenye kibiringo mpaka kwenye sindano. Nikabonyeza kitufe kimoja kimoja, naangalia kinachotoka. Vya mkono wa kushoto vyote vizima. Vya mkono wa kulia ndivyo vilivyochanganyikiwa. Nikainama nikavitazama kwa karibu, na kumbe kila kimoja kina namba ndogo ya bluu kwenye kona, imefifia kwa vumbi na vidole. Juu kabisa pembeni kuna kitufe kimeandikwa Num kwa rangi ile ile ya bluu, na chini ya skrini kijitaa cha kijani kinawaka. Nilikuwa nimekiona jana nikadhani ni cha chaji. Shabani angekiona mara moja kama ningemwachia aangalie, maana hivi ni vitu vyake vya kila siku.

Nikakumbuka Jumanne. Vumbi lilikuwa limezidi, nikachukua kitambaa kibichi nikaisugua kompyuta ikiwa inawaka, vitufe vyote kwa pamoja, kama nasugua sufuria la ugali. Hakuna mtu aliyebadilisha neno la siri. Niliyeifunga ni mimi mwenyewe, kwa usafi wangu.

Niliiamini mashine kuliko mume wangu.

Nilijaribu kitufe cha Num peke yake, kikakataa. Nikakibonyeza pamoja na kile kingine chenye maandishi ya bluu kule chini kushoto, na kijitaa kikazimika. Nikaandika jina, safari hii jicho nikaliacha lilale. Kompyuta ikafunguka, na picha ya Lea ya kipaimara ikatokea na tabasamu lake la meno mawili ya mbele.

Karatasi ipo. Niliifungua nikaisoma yote kwa kusimama. Maneno ya mkwe niliyaandika kama alivyoyasema: shamba la bondeni ni la Debora, alime, ale na wanawe, na asije mtu kumsumbua nikiwa hai wala nikiwa nimekufa. Chini kuna sahihi za watu saba, ya shemeji ya kwanza, kubwa, imepigiwa mstari. Kuna dole gumba. Na pale panapotakiwa jina la msemaji, mimi nilipokuwa nachapa niliacha nafasi wazi, kama kawaida yangu. Aliyejaza kwa kalamu ya bluu ni Baba Lea. Nilikuwa nimesahau kabisa. Jina la baba yake, kwa mkono wake.

Nikaituma kwenye barua pepe yangu. Nikaiweka kwenye simu. Nikaiweka kwenye flashi, flashi nikaifungia kwenye pochi ya kanisani. Nikakimbia kwenye duka la kuchapisha hapo barabarani nikatoa nakala nne. Yule dada wa dukani akaniuliza kama kuna msiba.

Kisha nikampigia Debora. Nikamwambia kwamba asubuhi nilimdanganya, karatasi sikuwa nayo, lakini sasa ninayo na nimeishika. Akasema alijua, kwa sababu nilijibu haraka mno, na mimi si mtu wa kujibu swali bila kwanza kulalamika. Tukacheka, halafu tukalia kidogo, kila mtu kwa upande wake wa simu.

Lililobaki ndilo lilikuwa gumu.

Baba Lea leo amewahi kurudi. Nilimsikia anavyovua viatu mlangoni, polepole, kama mgeni. Chai ilikuwa tayari, na maandazi nilikaanga, ambayo kwa mimi ni sawa na kupiga magoti. Sikumpa nafasi ya kukaa vizuri. Nikamwambia kwamba kompyuta imefunguka, kwamba tatizo lilikuwa kitufe, kwamba aliyekibonyeza ni mimi. Nikamweleza kitambaa, namba za bluu, kijitaa, vyote. Nilikuwa naongea vitufe ili nisiseme neno lenyewe. Mwishoni yakaisha ya kusema, nikabaki na hilo moja. Nikamwambia nimekukosea, na yale maneno ya jana ya kushika mlango nayaondoa, na sina cha kujitetea.

Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akasema, "Sikubadilisha. Lakini ilipokataa, nilimshukuru Mungu."

Nilimtazama mume wangu nikaona kwamba jana nilimshutumu kwa kosa ambalo hakulifanya, na ndani yake kulikuwa na jingine ambalo ni yeye tu aliyelijua, na amelibeba usiku kucha na kwenda nalo kazini bila chai. Angeweza kulinyamazia. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, nani angemuuliza?

Nikamsogezea karatasi. Akaisoma taratibu. Alipofika kwenye maandishi ya bluu akaweka kidole juu yake na hakukitoa. Nikaenda jikoni, nikaosha sufuria ambalo lilikuwa safi.

Niliposikia anafungua mlango wa kibarazani nikasimama dirishani. Ndiyo, nilisikiliza, na sijutii. Alikuwa na simu sikioni, mkono mwingine una karatasi. Alianza na shikamoo kaka, akauliza hali ya baba, akauliza mifugo, akauliza kama mvua imeonyesha dalili. Nikaanza kukata tamaa. Nikajua ataishia kwenye mifugo.

Kisha akasema, "Kaka, ile karatasi ipo. Jina la baba niliandika mimi, na Jumamosi nitaisoma mimi."

Upande wa pili ulisema mengi. Mimi nilisikia mlio tu, unapanda na kushuka. Baba Lea alikuwa anatikisa kichwa kana kwamba kaka yake anamwona. Alisubiri mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Ni kweli, ulinisomesha," akasema. "Nitakushukuru mpaka nife. Shamba ni la Debora."

Sijui nani alikata. Alibaki na simu sikioni kwa muda baada ya mlio kuisha. Nikatoka nikakaa naye kwenye ngazi. Nikachukua ile karatasi isije ikakunjika.

Sasa hivi yuko bandani analisha kuku, na leo wana njaa ya kweli. Basi la Kibakwe ni kesho saa kumi na mbili asubuhi, tulale huko, Jumamosi tuamkie kikaoni. Nimemuuliza kama anaogopa. Amesema anaogopa sana, yule ni kaka yake, na hajui kama watasalimiana tena. Nimeitoa miguu kwenye beseni, nimepiga pasi shati lake jeupe la kanisani, na nimelikunja juu kabisa ya begi.